Ada ya timu ya kuogelea ya watu wazima: maswali ninayoulizwa kila mwezi

Mimi ni mweka hazina wa timu ndogo ya kuogelea ya watu wazima hapa Dar es Salaam. Maswali haya nimeulizwa kando ya bwawa, kwenye WhatsApp, na mara moja msibani, jikoni, tukimenya viazi. Wengi wanaouliza huwa wameshaamua kuwa ada ni kubwa kabla sijafungua mdomo. Nimeyakusanya hapa ili nisirudie. Bei nilizotumia ni za mfano, nimezizungusha ili hesabu isomeke. Bwawa la mtaani kwenu litakuwa na zake. Namna ya kupiga hesabu ndiyo ile ile.

Kwa nini nilipe ada ya mwezi wakati hotelini naingia kwa kiingilio?

Hotelini unalipia kushinda pale. Unaogelea kidogo, watoto wa watu wanakurukia kichwani, unaagiza chipsi, unarudi nyumbani umefurahi. Mimi mwenyewe hufanya hivyo baadhi ya Jumapili. Timu inalipia kitu kingine: leni mbili zilizotengwa kwa kamba, saa moja, hakuna mtu mwingine ndani yake, na kocha amesimama ukingoni anatazama mkono wako unavyoingia majini. Kama unachotaka ni kupoa, kiingilio kinakutosha na usijisumbue na sisi.

Pesa yenyewe inakwenda wapi?

Chukua kalamu. Tuseme timu inafanya mazoezi mara 3 kwa wiki, saa moja kila mara, kwenye leni 2. Kwa wiki 4 hivyo ni vipindi 12, yaani saa 24 za leni. Bwawa likitoza Sh 25,000 kwa leni kwa saa, hapo pana Sh 600,000. Kocha akilipwa Sh 40,000 kwa kipindi, ni Sh 480,000. Mwokoaji Sh 10,000 kwa kipindi, Sh 120,000. Weka laki moja ya vibao vya kupigia miguu vilivyovunjika, sanduku la huduma ya kwanza na akiba. Jumla Sh 1,300,000 kwa mwezi.

Mkiwa 13, kila mtu laki moja. Mkiwa 10, Sh 130,000. Mkiwa 20, Sh 65,000.

Sasa rudia kusoma orodha hiyo pole pole, utafute mstari unaopungua kwa sababu wewe Jumatano ulikuwa na kikao. Haupo. Leni ililipiwa, kocha alikuja, mwokoaji alikaa kwenye kiti chake. Ndiyo maana katika timu yetu mwanachama halipi kwa siku alizokuja. Analipia nafasi yake majini, na nafasi hiyo ipo awepo asiwepo.

Basi ongezeni watu, ada ishuke.

Swali zuri, na kila mwanachama mpya huja nalo kama amegundua dhahabu. Bwawa la mita 25 ukienda na kurudi ni mita 50. Katika leni moja tunaogelea kwa kuzunguka, mnashika upande mmoja kwenda na upande wa pili kurudi. Mkiwa 6, kila mmoja ana kama mita 8 mbele yake. Mkiwa 10 anabaki na mita 5, na mita 5 ni urefu wa watu watatu hivi walionyooka. Hapo mwenye kasi anagusa nyayo za mzee wa mbele yake, mzee anasimama kumpisha, wa nyuma wote wanarundikana ukutani kama daladala za Mbagala jioni.

Tumewahi kufika 19. Ada ilishuka kweli, na ndani ya muda mfupi watu 7 wakaondoka, wengi wao waliokuwa wazuri majini. Tangu hapo mwisho wetu ni 14 kwa leni mbili. Wa 15 anasubiri nafasi, au tunajitafutia leni ya tatu na kupiga hesabu upya.

Kwa nini mabwawa yanatoza hivyo? Si maji tu?

Hapa nitakaa kidogo, maana watu hudhani mwenye bwawa anakunja pesa amelala.

Bwawa la mita 25 kwa 12.5, lenye kina cha wastani cha mita 1.5, linabeba karibu lita 469,000. Ukitaka kulijaza kwa maboza ya lita 10,000, utahitaji 47. Likishajaa bado halijatulia: jua na upepo vikipunguza milimita 5 tu kwa siku, zimeondoka zaidi ya lita 1,500, sawa na ndoo kubwa 78. Kuna maji mengine yanayomwagwa kila chujio linaposafishwa.

Halafu umeme. Pampu ya kilowati 3 ikizunguka saa 10, imekula uniti 30. Kwa uniti ya kama Sh 350 hiyo ni zaidi ya elfu kumi kwa siku, zaidi ya laki tatu kwa mwezi, na mabwawa mengi yana pampu zaidi ya moja. Klorini nayo jua letu linaila haraka. Fundi anayepima maji mara moja kwa wiki anapima historia. Yule makini anapima kila siku, anahakikisha pH, kipimo cha uchachu wa maji, haishuki chini ya 7.2 wala kupanda juu ya 7.8, maana ikipanda sana klorini inakuwepo lakini haifanyi kazi vizuri.

Jambo moja lipo mikononi mwenu. Ile harufu kali inayowafanya mseme "leo wamezidisha dawa" mara nyingi ni kloramini, yaani klorini iliyokwisha kukutana na jasho, mafuta ya mwili na mkojo. Anayeingia bila kuoga anaongeza gharama ya dawa ya bwawa zima. Sisemi zaidi, wahusika wanajijua.

Tuna nafuu moja Dar: hatuna haja ya kupasha maji moto. Wenzetu wa Nairobi na Arusha, kule juu kwenye baridi, mwezi wa Julai ama wanaingia wanatetemeka ama wanalipia bwawa lenye mashine ya joto, na mashine hiyo imo kwenye ada yao. Sisi shida yetu ni ya upande wa pili. Kanuni za mashindano za World Aquatics, shirikisho la kuogelea duniani, zinataka maji yawe kati ya nyuzi 25 na 28, na bwawa letu la nje mwezi wa Februari linazidi hapo bila aibu. Njoo na chupa ya maji ya kunywa. Ndani ya bwawa mtu anatoka jasho kama kawaida, ila halioni.

Sijui kuogelea kabisa. Na mimi nilipe ada ya timu?

Hili wengi wananiuliza kwa kunong'ona, wengine wakiwa na miaka 50 na vyeo vikubwa. Msinong'one. Nusu ya timu yetu ilijifunza ukubwani. Mmoja alikua hatua chache kutoka pwani, na nyumbani aliambiwa baharini asisogee.

Usilipe ada ya timu kwanza. Kwenye leni utakunywa maji tu, na utakuwa umelipia kocha ambaye hawezi kukushika mkono kwa sababu ana watu 13 wengine. Kuna kikundi cha wanaoanza, upande wa kina kifupi, kocha mmoja kwa watu 4. Kwa mtu mmoja mmoja kipindi hicho ni ghali kuliko cha timu, na sababu ni hiyo namba 4. Kukaa na kocha peke yako ni ghali zaidi. Kwa mwoga wa maji, vipindi vitatu vinne vya peke yake mwanzoni huokoa miezi, kisha ahamie kikundini.

Unaingia timu ukiweza mita 100 bila kusimama, mtindo wowote, hata chura mwendo mzima. Wapo waliofika hapo kwa miezi miwili. Yupo aliyechukua mwaka na miezi minne, na siku alipogusa ukuta wa nne bwawa zima lilipiga makofi, hadi wahudumu wa mgahawa.

Vifaa vya kuanzia ni shilingi ngapi?

Miwani, kofia, vazi. Basi. Kibao cha kupigia miguu na boya la kubana mapajani ni vya timu, usinunue. Mapezi ya kuvaa miguuni utanunua kocha akisema, si kabla.

Miwani ndiyo ya kutazama kwa makini. Ibandike machoni bila mkanda. Ikishika sekunde mbili tatu inakufaa, ikianguka irudishe hata kama muuzaji ameapa. Usiisugue kwa ndani, dawa ya kuzuia ukungu inatoka. Mwenye miwani ya macho aulize za kuogelea zenye namba, zipo, na kwa anayeona mbali kwa shida zinafaa kila senti.

Kuhusu vazi: rahisi ghali. Nguo nyingi za kuogelea zina nyuzi za mpira zinazovutika, na klorini inazila. Ukinunua ya Sh 40,000 ikalegea baada ya miezi 4, umelipa Sh 10,000 kwa mwezi. Ya poliesta ya Sh 90,000 ikikaa miezi 18, umelipa Sh 5,000 kwa mwezi, na hakuna siku utakayopiga mbizi kaptura ibaki nyuma. Suuza kwa maji baridi ukitoka, usiikamue kwa nguvu, anika kivulini.

Mitumba je? Mimi nimeokota Karume vazi zuri sana la mbio kwa bei ya sahani mbili za wali. Livute pale pale mbele ya muuzaji kuelekea jua. Ukiona vinyuzi vyeupe vimekatika kama nywele, kitambaa kimekufa, liache.

Nywele?

Wanaume ruksa kuruka.

Hakuna aliyenitahadharisha kuhusu hili nilipojiunga, na mwaka wa kwanza kichwa changu kilinigharimu kuliko ada. Nilisuka, nikaogelea, zikafumuka, nikasuka tena. Kilichonisaidia ni mpango: siku za bwawa loanisha nywele kwa maji ya bomba kwanza, zikishiba maji safi hazivuti sana ya klorini, paka mafuta ya nazi, kisha kofia. Ukitoka osha siku hiyo hiyo. Wengi wetu tumeishia kwenye twende kilioni au nywele fupi, na wawili wamenyoa kabisa na hawajutii.

Mwenye rasta au misuko mikubwa asihangaike na kofia ya kawaida, itamkata mishipa. Kuna kofia kubwa zilizotengenezwa kwa nywele zetu. Mojawapo, Soul Cap ya Uingereza, mwaka 2021 ilikataliwa na FINA (jina la zamani la World Aquatics) kutumika kwenye Olimpiki ya Tokyo, kelele zikapigwa dunia nzima, na Septemba 2022 ikaidhinishwa. Tunaagiza kwa pamoja watu watano sita ili tugawane usafirishaji.

Navaa hijabu. Kuna gharama ya ziada?

Kwenye vipindi vya kawaida, gharama ni vazi tu. Burkini ya kitambaa cha kuogelea inakubalika bwawani kwetu. Dera, leso au leggingi za pamba hazikubaliki, na sababu ni uzito: pamba ikilowa inakuvuta chini, na inaacha nyuzi kwenye chujio. Ukitafuta bwawa lingine, uliza swali hili kabla ya kulipa chochote.

Saa ya wanawake peke yao ni hesabu nyingine, na nimechoka kusikia inaitwa upendeleo. Hapo huwezi kukodi leni mbili na kuacha nne wazi kwa wanaume. Unakodi leni zote 6. Kwa bei yetu ya mfano ni Sh 150,000 kwa saa, mara 4 kwa mwezi Sh 600,000, na mwokoaji awe mwanamke, na kocha awe mwanamke. Wakija 12, ni Sh 50,000 kila mmoja kabla ya kocha. Wakija 30 inakuwa nafuu kuliko timu ya kawaida, na leni 6 zinawabeba bila kubanana. Kwa hiyo saa hii inakufa au inaishi kwa idadi. Waliojiandikisha walete dada zao.

Nikisafiri, nikiugua, au Ramadhani?

Safari ya wiki moja mbili: ada kamili. Ukiondoka mwezi mzima na umetoa taarifa kabla haujaanza, unalipa nusu, nafasi yako inabaki. Taarifa ya tarehe 12 kwamba "mwezi huu sitakuja" ni habari, si taarifa. Mgonjwa na mzazi aliyejifungua hatumdai.

Ramadhani tunahamisha kipindi kimoja kiwe usiku baada ya tarawehe kama bwawa likikubali, na anayetaka kupumzika mwezi mzima analipa nusu. Kama kuogelea umefunga kunafaa au hakufai, muulize sheikh wako. Mimi nashika daftari tu.

Mvua ikinyesha mnarudisha pesa?

Mvua yenyewe haizuii kitu, mmeshalowa. Tatizo ni radi. Kocha akisikia muungurumo anapiga filimbi, wote nje, na hatuingii tena mpaka zipite dakika 30 tangu ule wa mwisho. Msimu wa masika hutokea kipindi kizima kikapotea chini ya kibaraza. Bwawa halirudishi, kwa hiyo na sisi haturudishi. Kwenye mkataba mpya tumepata vipindi 2 vya kufidia kwa mwaka, na vilichukua vikao vitatu vya kubembelezana.

Kwa nini mnasumbua watu kabla ya tarehe 5?

Timu yangu ya kwanza, kabla ya hii, ilikuwa na watu wazuri, wenye kipato, wapole. Kila mmoja alilipa alipokumbuka. Mweka hazina alikuwa kaka mmoja mwenye haya, alijaziajazia kutoka mfukoni mwake na hakusema. Bwawa likatudai miezi miwili. Asubuhi moja, saa 11:30 alfajiri, tulikuta geti limefungwa. Tulisimama na mabegi yetu kama wanafunzi waliofukuzwa ada, mlinzi anatutazama kwa huruma. Wiki ile ile wote tulilipa, ndani ya siku mbili, tena kwa hasira. Pesa ilikuwepo muda wote. Lakini leni zilikuwa zimeshapewa shule, na kocha alikuwa ameshapata kazi kwingine, maana mkono mtupu haulambwi.

Ndiyo maana nasumbua. Lipa kwa lipa namba ya timu, si kwenye simu yangu binafsi. Weka jina lako na mwezi. Ukinitumia mimi, kisha nitoe, kisha nipeleke, makato yanalika mara mbili. Tarehe 1 natuma ukumbusho, tarehe 5 natuma orodha ya waliolipa. Orodha ya wasiolipa situmi, mnajua kutoa.

Sina hali nzuri mwezi huu. Nifanye nini?

Niandikie mimi peke yangu, si kwenye kundi. Tuna nafasi 2 za nusu ada, zinalipiwa na ile laki moja ya akiba na wachache wanaozidisha kimya kimya. Sitaki barua wala ushahidi wa mshahara. Ninachoomba ni neno kabla ya tarehe 5. Waliotuacha kwa sababu ya pesa, karibu wote hawakusema. Walianza kukosa Jumatano, kisha Ijumaa, kisha wakatoka kwenye kundi usiku wa manane. Baadaye nikikutana nao Kariakoo wanajificha nyuma ya mabeseni. Jamani, ni kuogelea tu.

Kuna gharama gani ambazo hamzisemi?

Njaa. Hii ni kweli kabisa. Mtu akitoka majini anakula kama amefukuzwa na simba, na supu na chapati mbili baada ya mazoezi, mara 12 kwa mwezi, ni pesa inayoonekana. Beba uji kwenye chupa au mayai.

Nauli ya alfajiri ni ya pili. Daladala za saa 11 si za uhakika kila njia, kwa hiyo watu wanachukua bodaboda au wanachangia gari. Kabla hujajiunga andika nauli ya kwenda na kurudi, zidisha kwa 12. Tuna mtu anayelipa nauli kuliko ada, na yeye ndiye asiyechelewa.

Sikio likiwasha au likiuma ukilivuta, nenda ukaone daktari mapema, usilichokonoe kwa kijiti. Na mwenye presha, moyo au kifafa aje na neno la daktari kabla ya kuanza, amwambie kocha pia. Hiyo si gharama ya kukwepa.

Mashindano ni lazima?

Hapana. Robo tatu ya timu haijawahi kupanda jukwaa la kuanzia.

Wanaotaka wajue kuwa kuogelea kwa watu wazima kuna ngazi yake duniani, inaitwa Masters. Ilianza kama mashindano ya waogeleaji wakongwe kule Amarillo, Texas, mwaka 1970. Mashindano ya dunia ya kwanza yalikuwa Tokyo mwaka 1986. Kwenye yale ya dunia unaanzia miaka 25, na unashindana na wa rika lako kwa vikundi vya miaka mitano mitano: 25 hadi 29, 30 hadi 34, na kuendelea mpaka wenye zaidi ya miaka 90. Kinachohesabiwa ni umri utakaokuwa nao tarehe 31 Desemba ya mwaka huo.

Raha iko kwenye mbio za kupokezana. Wanne wanajumlishiwa miaka yao, na kundi linapangwa kwa jumla hiyo. Juzi tulikuwa tunatafuta wa nne. Tuna wa miaka 62, 51 na 47, jumla 160. Akipatikana wa miaka 40 inafika 200 kamili, wanaingia kundi la 200 hadi 239, ambamo wao ndio vijana. Kwa hiyo mzee anayedhani anatuchelewesha leni, ajue tunamvizia.

Gharama zake: kiingilio kwa kila mbio utakayoogelea, usajili kwenye chama cha taifa kama mashindano yanautaka, na safari. Timu inalipia kiingilio cha kupokezana. Vingine ni vyako, pamoja na boti ya Zanzibar au basi la Nairobi. Vazi la mbio la bei mbaya usinunue mara ya kwanza. Zile nguo za mpira za mwili mzima zilizovunja rekodi hovyo mwaka 2008 na 2009 zilipigwa marufuku mwaka 2010, na tofauti iliyobaki kwenye nguo za leo, kwa mtu wa kasi yetu, ni ndogo kuliko tofauti ya kugeuka vizuri ukutani. Kugeuka kunafundishwa bure Ijumaa.

Bahari ipo pale, bure. Kwa nini tusihamie Coco Beach?

Tunakwenda, Jumamosi moja moja. Bure yake ina masharti. Maji ya hapa yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3 wakati wa bamvua, siku yanapojaa na kupwa sana. Ukija saa mbaya unatembea juu ya mawe badala ya kuogelea, na ukija wakati yanatoka yanakubeba. Tunapanga siku za maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo, tunaangalia jedwali la kujaa na kupwa. Tunakodi mtumbwi wa mvuvi mmoja atufuate, kila mtu anafunga boya la rangi kali kiunoni, na mkoba una siki kwa ajili ya konyeza, wale wadudu laini wa baharini wanaowasha. Mvuvi analipwa, boya linanunuliwa. Tukigawanya, kipindi kimoja cha baharini kinakaribia bei ya kipindi cha bwawani, na kocha hawezi kusahihisha mkono wa mtu aliye kwenye mawimbi.

Kocha anachukua sehemu kubwa. Hatuwezi kujifundisha wenyewe kwa video?

Mnaweza. Tulijaribu mwezi mmoja kocha alipokuwa masomoni. Wiki ya kwanza tulifuata ratiba aliyotuachia. Wiki ya tatu tulikuwa tumeshika ukuta tunajadili bei ya mafuta ya kula.

Elfu arobaini kwa kipindi inaonekana nyingi mpaka uhesabu kuwa ameamka saa 10, amepanda bodaboda yake mwenyewe, amesimama saa nzima, na jioni ana watoto wa shule. Hana bima ya kazi hii, hana likizo. Swali ambalo sijawahi kuulizwa na mwanachama yeyote ni kama anachopata kinamtosha.

Kwa nini wageni wanakuja bure mara moja?

Kwa sababu kumwambia mtu laki moja kabla hajaonja maji ni kumfukuza. Mara ya kwanza bure, mara ya pili kiingilio cha siku, mara ya tatu amua. Kiingilio cha siku tumekiweka juu makusudi: laki moja kwa vipindi 12 ni kama Sh 8,300 kila kimoja, na mgeni wa siku analipa Sh 15,000. Anayekuja mara 4 tu kwa mwezi akilipa ada nzima, kila kipindi kimemtoka Sh 25,000. Huyo namshauri mwenyewe alipe kwa siku kama mgeni, na anashangaa mweka hazina anamwambia alipe kidogo.

Mwisho wa mwaka pesa iliyobaki inakwenda wapi?

Mwaka jana ilibaki kidogo. Tulinunua vibao 6 na saa mpya ya kocha, kilichobaki kikaingia kwenye nusu ada za Januari, mwezi ambao kila mtu ana karo za watoto. Hakuna posho ya kamati. Kuna soda mbili za kikao, zimeandikwa.

Daftari liko wazi kila Jumamosi baada ya mazoezi, kwenye benchi karibu na bwawa la watoto. Njoo umejifuta, mwaka juzi ukurasa mzima wa Machi ulilowa na hadi leo namdai mtu ambaye jina lake halisomeki.